Swichi ya Pedali Imefungwa

Jumanne, saa tatu na dakika kumi asubuhi, watu wa uwanja wa gofu walisikia kishindo kutoka karakana ya vigari. Hakuna aliyeshtuka, maana karakana ni mahali pa vishindo. Waliacha kazi zao pale tu mwanamke alipoanza kupiga mayowe asinyamaze.

Walikuta kigari Namba Tisa kimembana mtu ukutani. Alikuwa msimamizi wa uwanja, waliyemwita Bwana Filimbi kwa sababu hakuwa na kawaida ya kumwita mtu kwa jina; alipuliza filimbi kisha akanyoosha kidole. Filimbi ilikuwa bado inaning'inia shingoni. Magurudumu ya nyuma yalikuwa yakizunguka papo hapo, yanasugua sakafu na kutoa harufu ya mpira unaoungua, mpaka karani wa stoo alipopata akili ya kuzima ufunguo. Kando ya usukani alisimama mwosha vigari, mwanamke mnene wa makamo, bomba la maji mkononi, maji yakimwagika hovyo.

"Nimegusa ufunguo tu!" alisema, akarudia. "Mguu wangu ulikuwa chini! Nilitaka kukisogeza nioshe nyuma. Mguu wangu ulikuwa chini!"

Saa nne kasorobo polisi walikuwa wamefika. Saa sita, Inspekta aliyepewa kesi hiyo alifunua kifuniko cha chini ya pedali akakuta waya mfupi mwekundu ambao haukupaswa kuwepo. Saa saba fundi wa vigari alitiwa pingu. Siku moja kabla, mbele ya watu watatu, Bwana Filimbi alikuwa amemwambia atafute kazi kwingine, naye fundi akajibu, "Tutaona nani atatangulia kutoka hapa." Yalikuwa maneno ya hasira tu, ya aina ambayo kila mtu huyasema na hakuna anayeyakumbuka, isipokuwa mwenzako akifa kesho yake.

Alipoulizwa ni nani aliyeweka waya ule, fundi alisema, "Ni mimi." Baada ya hapo alifunga mdomo.

Jioni ile mke wa fundi alikwenda kwa baba yake mzazi. Baba huyo alijulikana kwa jina la Mzee Mita, kwa kuwa kifaa cha kupimia umeme hakikuondoka kwenye mfuko wa shati lake. Dukani alipima betri za tochi kabla hajazichukua, na siku ya harusi ya binti yake huyo alichungulia nyaya za spika kabla hajamkumbatia bwana harusi. Alikuwa ameitumikia karakana ile miaka thelathini na mmoja. Miaka miwili iliyopita alistaafu, na kiti chake kikachukuliwa na mkwe wake, ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kazi.

"Baba," binti alisema, akiwa bado mlangoni, "nirudishie mume wangu."

Hakulia. Alikuwa na mimba ya miezi saba na alionekana kama mtu aliyechoka hata kulia. Walikaa mpaka giza lilipoanza kuingia, wakizungumza maneno machache. Alipoinuka kuondoka aliuliza, "Nikufungie taa ya uani?"

"Taa huzimwa," alisema mzee. "Saketi ikifungwa ndipo taa inawaka."

Binti alikuwa amelisikia somo hilo tangu hajaota meno. Nyumbani kwao mtu hakufunga taa wala kufunga betri. Taa ilizimwa, betri ilipachikwa, na neno kufunga liliachiwa saketi peke yake. Marehemu mama yake alizoea kusema kwamba kaolewa na kamusi. Siku nyingine wangecheka.

Mzee Mita alipata ruhusa ya kukikagua kigari Alhamisi, saa mbili na nusu asubuhi. Inspekta alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye tabia ya kuandika saa kwenye kijitabu chake kabla ya kuandika jambo lenyewe.

"Wewe ni baba mkwe wa mshtakiwa," alisema. "Nikuruhusu kwa sababu gani?"

"Kwa sababu mtaalamu wenu hapatikani mpaka mwezi ujao, na nimeambiwa faili linaondoka kesho saa sita mchana kwenda mahakamani. Sitagusa kitu ambacho hujakiona, Afande."

Inspekta aliandika saa. "Anza."

Mzee alianza kama alivyoanza miaka yote, kwa betri. Alizipima zote sita, moja baada ya nyingine, akizitaja namba kwa sauti. Hakuna iliyokuwa mbovu. Kisha akakipandisha kigari juu ya jeki, magurudumu ya nyuma yasiguse chini, akachomoa waya wa mota kwa usalama, na kumwomba Inspekta awashe ufunguo bila kukanyaga chochote.

Klak.

"Umesikia?"

"Nimesikia. Ni nini?"

"Solenoidi. Ndiyo inayopitisha umeme kwenda kwenye mota. Kigari kizima hulia hivyo ukikanyaga pedali. Hiki kinalia kwa ufunguo tu, maana swichi ya pedali imerukwa na ule waya wako mwekundu."

Walipofunua kifuniko, waya ulikuwa palepale, umezungushiwa tepu nyeusi. Mzee aliinama. Ncha ya tepu ilikuwa imekunjwa kidogo, ikaacha kama sikio dogo la kushika, ili atakayekuja kuibandua asihangaike na kucha. Sikio lile lilikuwa mtindo wa karakana yake. Yeye ndiye aliyeuanzisha, na katika dunia nzima alimfundisha mtu mmoja tu. Aliliminya kwa kidole gumba mpaka likalala bapa, kabla Inspekta hajaleta tochi karibu.

Inspekta mwenyewe ndiye aliyeibandua tepu. Chini yake waya ulikuwa umelehemiwa, risasi ya kulehemia inang'aa, kazi safi.

"Endelea."

Mzee aliendelea. Kando ya swichi kulikuwa na sensa ya pedali, kile kidude kinachouambia mfumo mguu umekanyaga kwa kiasi gani. Moja ya nyaya zake ilikuwa imekatika. Aliishika kwa ncha ya plaizi, akaisogeza kwenye mwanga.

"Tazama hapa. Pangekatwa na mtu, pangekuwa na kidonda kinachong'aa. Huu umeliwa na kutu, kijani kabisa. Maji ya kuoshea yameingia humu miaka na miaka, na Jumanne asubuhi ukaachia. Ukiachia, mfumo unadhani pedali imekanyagwa mpaka mwisho. Yule mama hasemi uongo. Mguu wake ulikuwa chini."

"Kwa hiyo hakuna aliyepanga kumuua Bwana Filimbi."

"Hakuna, Afande."

Mzee alianza kupata matumaini. Inspekta aliandika kwa muda, kisha akainua macho.

"Sasa nijibu hili. Kama swichi ya pedali ingekuwa nzima, na waya huu usingekuwepo, sensa ilipokatika kigari kingefanya nini?"

Mzee aliirudisha plaizi mfukoni. "Kingekaa kimya."

"Basi aliyeweka waya huu amempeleka mtu kaburini. Alikusudia au hakukusudia, atafungwa."

Mwosha vigari walimkuta amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Alipomwona mzee aliamka haraka.

"Shikamoo, mzee wangu. Wanasema nimeua."

"Marahaba. Hujaua. Nimewaambia mguu wako ulikuwa chini. Tatizo lilikuwa sensa."

"Sensa? Si walishapita mwaka jana kutuhesabu?"

Inspekta alikohoa kuficha kicheko. Ndicho kicheko pekee kilichosikika mahali pale wiki ile. "Mama," alisema, "hiki kigari kilikuwa na kasoro yoyote kabla ya Jumanne?"

"Kasoro, hapana. Kilikuwa na kiherehere tu. Vingine vinalia klak ukivikanyaga, hiki kinalia ukigusa ufunguo. Nilishakizoea."

"Tangu lini?"

"Ah, tangu kitambo."

Inspekta aliandika *tangu kitambo*. Mzee Mita, aliyekuwa hakubali mtu aseme "umeme kidogo" bila kutaja kiasi, safari hii hakuuliza kitambo ni lini.

Saa tisa alasiri alimwona mkwe wake kwa dakika kumi, katika chumba chenye meza moja na madirisha yaliyopakwa rangi nyeupe. Fundi alikuwa amekonda kwa siku mbili tu. Hakuinua macho.

"Baba, unakula vizuri?"

"Achana na chakula changu. Waya ni wako?"

"Ni wangu."

"Uliuweka lini?"

"Mwezi wa pili. Swichi iliharibika, nikaona nivushe siku."

"Ncha zake umezifanyaje? Umelehemu au umebana?"

Fundi alisita. "Nimebana, baba. Nabana siku zote, unanijua."

Kwa mara ya kwanza tangu Jumanne mzee alitaka kutabasamu. Ni kweli alimjua. Kijana wa kisasa, alinunua koleo la kubania siku aliyoanza kazi na hakushika tena chuma cha kulehemia. Waya ule ulilehemiwa. Kwa hiyo alikuwa anadanganya, na anayedanganya kwamba ametenda, hajatenda.

"Unamfichia nani?" mzee aliuliza.

"Nenda nyumbani, baba. Tafadhali." Sasa macho yaliinuka, yamejaa machozi. "Acha hivi hivi. Nakuomba kwa heshima zote, acha."

Mzee hakuwa mtu wa kuacha. Njiani alijiuliza ni nani anayekunja sikio la tepu na pia analehemu, na jibu lilipokuja alilifukuza kama mtu anavyomfukuza kuku jikoni. Alijisadikisha kwamba ni karani wa stoo, mtu aliyekaa dirishani miaka kumi na mbili akitazama kazi za mafundi. Aliyetazama miaka yote hiyo hakosi kuiga. Saa kumi na robo alikuwa mbele ya dirisha hilo, na Inspekta nyuma yake.

"Wewe ndiye uliyeweka waya!"

Karani aliweka kalamu chini. "Mimi? Mzee, mimi hata plagi ya pasi naipeleka kwa fundi. Uliza mke wangu, ananicheka kila siku."

"Swichi mpya ya pedali ipo stoo?"

"Haipo. Iliagizwa, ikasemekana itakuja. Mpaka leo."

"Nani aliagiza?" Inspekta aliingilia.

"Fomu yenyewe ililiwa na mchwa kwenye lile kabati. Ingekuwepo kwenye daftari la kazi, lakini ukurasa umechanwa." Alilifungua daftari akawaonyesha meno ya karatasi karibu na uzi. "Na aliyechana ni fundi mwenyewe. Jumanne saa tatu unusu, wakati sisi tunahangaika na marehemu, nilimwona anatoka ofisini na ukurasa mkononi, anausoma, uso umempauka. Sikusema, Afande, kwa sababu sikuulizwa."

Inspekta alimgeukia mzee kwa upole ambao ulikuwa mbaya kuliko ukali. "Asiye na hatia hachani ukurasa, mzee. Umejitahidi. Nenda kapumzike."

Ijumaa, saa mbili asubuhi, binti alimkuta baba yake amekaa uani, hajanyoa, mita iko mapajani. Macho ya binti yalikuwa yanang'aa kwa namna ambayo mzee hakuwa ameiona wiki nzima.

"Baba, nisamehe, nilikuficha kitu. Jumanne nilipokimbilia karakana, kabla hawajamkamata, alinipa karatasi akaniambia niipeleke jikoni, niichome. Niliogopa kuichoma, na niliogopa kuitazama. Usiku wa jana nimepiga moyo konde nikaisoma." Aliitoa mfukoni mwa gauni, imekunjwa mara nne. "Sijui kwa nini aliificha. Inamwokoa! Soma hapo. Namba Tisa, swichi ya pedali imefungwa. Maana yake swichi ilikuwepo, nzima, siku anakabidhiwa kazi. Na mwandiko ni wako, baba, watakuamini. Halafu tazama tarehe. Ni siku aliyofariki mama. Nilipoiona nikajua ni mama anatusaidia."

Mzee hakuhitaji kuisoma. Tarehe peke yake ilimrudisha kwenye meza ya karakana, siku yake ya mwisho kazini. Namba Tisa iko mbele yake, swichi ya pedali imekufa, swichi mpya imeagizwa. Chuma cha kulehemia kimepata moto. Aliunganisha waya mfupi wa kuvusha siku moja tu, akaandika kwenye daftari kwamba swichi imefungwa, yaani saketi imeunganishwa moja kwa moja, umeme unapita wakati wote. Mtindo wake ulikuwa kuandika kwa ufupi na kueleza kwa mdomo. Alikuwa anasubiri mkwe wake arudi kutoka chooni amweleze. Simu ya hospitali ikalia kwanza. Aliondoka mbio, hakuvua hata koti la kazi, na hakurudi tena kazini.

"Baba? Si inamwokoa?"

"Twende kituoni," alisema mzee. "Mchukulie mumeo shati safi."

Saa nne na dakika tano walikuwa watatu mezani: Inspekta, fundi aliyetolewa mahabusu, na Mzee Mita. Binti aliachwa nje kwenye benchi, na mfuko wa shati mapajani. Ukurasa ulikuwa katikati ya meza. Fundi alipouona alifumba macho.

"*Imefungwa*," Inspekta alisoma. "Yaani ipo. Imewekwa."

"Kwako wewe," alisema mzee. "Kwa binti yangu pia, na kwa watu wote wenye akili zao. Mimi swichi huipachika. Nikisema imefungwa, nasema umeme unapita hauzuiliwi. Nimewasumbua watu na neno hilo maisha yangu yote. Waya ni wangu, Afande. Nimeulehemu mimi, miaka miwili iliyopita. Tepu ilikunjwa sikio. Jana nililiminya usilione, nikidhani namlinda huyu."

"Mzee amechanganyikiwa kwa huzuni," fundi alisema haraka. "Usimwandike. Ni mimi."

"Ulisema umebana," Inspekta alimwambia. "Waya umelehemiwa. Niambie kweli sasa."

Fundi aliinamisha kichwa mpaka karibu na meza.

"Siku ya kwanza kazini peke yangu nilisoma *imefungwa*," alisema taratibu. "Nikaona kazi ya hicho imeisha, nikahamia Namba Kumi. Baba alikuwa kwenye msiba, ningemuulizaje? Jumanne, damu iko sakafuni, nikafungua kifuniko, nikaona waya na ile tepu yenye sikio, nikakumbuka anavyosema nyumbani kuhusu taa. Nikakimbilia daftari. Amemzika mke, hana kazi, amebaki na sisi tu. Ningesemaje kwamba ni yeye? Mimi bado nina nguvu, Afande. Kufungwa naweza."

Mzee aliweka mkono wake juu ya mkono wa mkwe wake. Hakuwahi kufanya hivyo hata siku ya harusi.

"Basi nimemaliza," alimwambia Inspekta. "Niandike mimi, mwachie huyu. Mkewe yuko hapo nje."

Inspekta hakuandika saa. Alivuta droo, akatoa faili jingine, akaligeuza upande wao. Zilikuwa fomu za ukaguzi wa kila mwezi, na chini ya kila moja, mbele ya maneno *Namba Tisa, kimefunguliwa, kimekaguliwa*, palikuwa na saini ya fundi.

"Ishirini na nne," alisema. "Jana nilikuwa nazishika kama ushahidi kwamba ni yeye aliyeweka waya. Leo ni kitu kingine. Kifuniko kile kina skrubu mbili. Miezi ishirini na nne, hakuwahi kukifungua hata mara moja?"

"Niliamini alichoandika," alisema fundi. "Nilimwamini baba kuliko macho yangu."

"Ndivyo nitakavyoandika. Mmoja alifunga, mwingine hakufungua, na mtu amekufa. Wazee wangu, mimi nina maiti moja na majina mawili. Hakuna ninayeweza kumwachia." Sauti yake ilikuwa imechoka. "Kama ukurasa huu ungechomwa, angekuwa mmoja."

Saa tano kamili askari wa kaunta alimwambia Mzee Mita avue mkanda na viatu, na atoe vilivyomo mfukoni. Mzee aliweka mita juu ya kaunta.

"Hii nayo?"

"Mita," alisema mzee.

Askari aliandika *mita moja*, akaisukuma kando pamoja na viatu. Kisha akafungua mlango wa nje ili mzee apite kwenda upande wa pili wa jengo, na mwanga ukaingia.

Binti aliinuka kwenye benchi, akiukumbatia ule mfuko wa shati.

"Baba! Ukurasa umesaidia?"

"Umesaidia, mwanangu."

"Kwa hiyo wanamfungua?"

Mzee, aliyewachagulia watu maneno maisha yake yote, aliishika suruali isiyo na mkanda. Binti hakuwa anasubiri jibu tena. Alikuwa ameshaiona miguu ya baba yake, haina viatu.